Kaa Chini ya Unyayo

Siku hizo nesi hakuruhusiwa kuwafundisha wagonjwa wa kisukari kabla hajaishi na mwili wa mmoja wao. Nesi Sikudhani alibandikwa kibandiko begani, hisi zake zikazimwa isipokuwa kuona na kusikia, akawashiwa za mgonjwa wake, Mzee Magembe. Mzee akila halua kwa siri, ulimi uliokauka ulikuwa wa nesi, naye alipiga simu kumgombeza. Miguu ya mzee haikumletea habari yoyote ya maumivu, kwa hiyo alimwambia mzee kwamba ni mizima.

Jioni moja alikuwa akipepea jiko la mkaa, mumewe akaingia akinusanusa.

"Mama Tatu, nyama inaungua."

"Nyama gani? Hata sijaibandika!"

Mume akatazama chini, akapiga ukelele. Mkewe alikuwa amekanyaga kaa la moto, na moshi ulikuwa ukifuka chini ya unyayo wake.

Wakati akimwagiwa maji, Sikudhani alikuwa tayari ameshika simu.

"Shikamoo, mzee. Vua viatu, umwite mtu akutazame nyayo. Sasa hivi."

"Marahaba. Ya nini tena, nesi? Mbona siumwi!"

Sikudhani aliutazama mguu wake uliobabuka.

"Hata mimi siumwi, mzee."