Waya Kwenye Ekzosi

Tangu lini ekzosi ikawa na waya?

Mukhwana alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki yake, shavu karibu liguse vumbi la Kaloleni. Waya mweusi, mwembamba, ulishuka kutoka chini ya tangi ukaingia kwenye kidude kilichoshikwa na nati nene, upande wa mguu wake wa kulia. Miaka kumi na minne ya bodaboda alikuwa ameendesha pikipiki za kabureta tupu, zisizo na waya wa aina hii. Hii ya kisasa, aliyoinunua ikiwa imeshatumika, alikuwa nayo miezi mitatu tu. Ekzosi yake ya kwanza ilioza. Hii ya pili, ya dukani, alipewa na Dalmas, mwenzake wa bodaboda, tena Dalmas akaifunga kwa mkono wake mwenyewe, bure.

Bure! Nani anampa mtu kitu bure Kisumu hii?

Aliikaba ile nati kwa spana, akavuta kwa uzito wake wote. Spana iliteleza mara mbili, ikatafuna pembe mbili. Nati haikusogea.

Mukhwana hakuwa mtu wa kusahau. Wao wa bodaboda walifukuzwa kwanza karibu na stendi ya mabasi, wakanyamaza. Wakafukuzwa sokoni, wakaambiwa wavumilie. Sasa tajiri mmoja alikuwa amezungushia mabati kiwanja cha umma, steji yao ya kungojea abiria ikiwa ndani, na lilibaki kuwekwa geti tu. Geti likifungwa wakiwa nje, basi, steji imekwenda. Mara mbili walipanga kuingia alfajiri na pikipiki zote arobaini, wakae humo waone nani atawatoa. Mara mbili walipitia kwa fundi kukaza minyororo, wakaamka mapema, wakakuta wahuni wa tajiri wameshafika na marungu yao, wanakunywa chai. Chai! Mtu anayekungoja na kikombe cha chai ameambiwa saa.

Akaisukuma pikipiki hadi kwa fundi Wechuli, mtu wa nyumbani, aliyetengeneza pikipiki za steji nzima. Akakalia vyuma vya mraba vilivyofunikwa turubai.

"Polepole na kazi ya watu," Wechuli akasema. "Hiyo ni ya kanisa, huko Awasi. Imebaki vitu vidogo vidogo." Akainama. "Ai! Nani ametafuna nati hivi? Ulitumia meno? Hii imechomelewa, bwana, haifunguki. Kinachofunguka ni hiki cha ndani."

"Ni nini hicho?"

"Sensa. Inanusa moshi, inaambia injini iongeze mafuta au ipunguze."

"Inanusa. Na kusikia je?"

Wechuli alifuta mikono polepole kwa kitambaa. "Mimi ni fundi tu. Kwa ekzosi ya kampuni, ile inayokuja na pikipiki, huwa imefichwa kule chini. Hii imewekwa hapa nje, upande wa watu. Kwa nini? Muulize aliyekupa."

Mukhwana aliinuka kutoka kwenye vyuma. "Kata. Kata nati na kila kitu."

"Itakunywa mafuta kama ng'ombe. Itatoa moshi mweusi."

"Nimesema kata!"

Cheche ziliruka. Wechuli akaziba tundu kwa kipande cha chuma, akampa sensa. Ile nati aliifuta, akaitia mfukoni. "Chuma kizuri hiki, siwezi kutupa. Haya, kuingia steji bado ni Jumatatu?"

Mukhwana akatazama nyuma. "Jumatatu ni ya masikio ya Dalmas. Tunaingia kesho Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Vijana nitawapigia simu alfajiri hiyohiyo. Nimekuambia wewe peke yako."

"Peke yangu," Wechuli akasema, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Saa tisa alasiri, mbele ya steji nzima, Mukhwana alimtupia Dalmas sensa kifuani.

"Omera, ndugu yangu, si hii ni sensa?" Dalmas akaiokota. "Nani amekutolea? Utaharibu pikipiki!"

"Inanusa nini, Dalmas? Inanusa mikutano?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akaipokonya, akaiweka sikioni kama simu. "Halo, tajiri! Umekula?"

Dalmas hakucheka. "Jina la kwanza kwa ile barua yetu ya kumpinga tajiri ni langu. Na kule sokoni, ulipovunjwa mkono, nani alikubeba?"

"Ulinibeba ujue ninakolala."

Dalmas akavua koti la steji, lile la manjano lenye nambari saba, akalikunja vizuri kama nguo ya marehemu, akaliweka juu ya tangi la Mukhwana. Mama Benta, muuza chai wa steji, akaweka birika chini. Dalmas akawasha pikipiki yake, akaenda.

Alfajiri Mukhwana alipiga simu moja baada ya nyingine. Kufikia saa kumi na mbili pikipiki thelathini na tisa zilikuwa zinapinda kona, yake mbele, ikitapika moshi mweusi. Barabarani hapakuwa na mhuni hata mmoja. Akaongeza mwendo.

Halafu akaliona geti. Kubwa, la bluu, la vyuma vya mraba. Jana jioni halikuwepo. Ndani, wahuni sita walikuwa wamekalia benchi la steji na vikombe vyao vya chai.

"Ni Dalmas!" mtu akafoka nyuma yake. "Ni Dalmas tena!"

Mukhwana aliruka chini, akapitisha mkono kati ya vyuma kutafuta komeo. Rangi mbichi ilimnata vidoleni. Komeo lilipita ndani ya nati nene, fupi, iliyochomelewa hivi karibuni, na kidole chake kikapapasa pembe zake moja moja, kikakuta mbili zimetafunwa.