Mwenzetu

"Mwatum, wewe mwenzetu," alisema msimamizi. "Hebu sema kweli. Huyu mtu wa bara hakuficha karafuu kwenye kanga yake?"

Mwatum aliinua uso. Jana tu bwana huyu wa mjini alimcheka mbele ya ghala zima kwa Kimakunduchi chake, akamwita mshamba. Leo amekuwa mwenzake.

Shoga yake wa bara alikuwa ubavuni pake, jamvi moja, kama kila siku, akichambua karafuu na vikonyo. Tangu asubuhi hakuinuka pale. Mwatum alilijua hilo.

Wanawake wengine waliinamisha vichwa. Mdomo wa Mwatum ulikuwa umekufa ganzi kwa karafuu aliyoibana kwenye jino bovu.

"Mie sikuona," alisema.

"Yatosha. Wewe wa bara, nenda zako, na usirudi tena."

Shoga yake alisimama, akaivua kanga ya juu, akaikung'uta mbele ya wote. Hakikuanguka kitu. Msimamizi alikuwa keshageuka.

Shoga yake alipotoka, Mwatum alijisogeza katikati ya jamvi, akaendelea kuchambua.