Karibuni Tena

Siku hizi tamthilia haiishi mpaka mtazamaji aiage. Wahusika wanatuona, wanatusikia, na wasipoagwa hawaondoki.

Jana jioni ilikuwa zamu ya *Mashemeji wa Kidawa*, baada ya misimu kumi ya kutuvunja mbavu na kututoa machozi. Kidawa na mumewe walisimama kwenye runinga, mabegi mkononi. Majirani zetu walikwisha kuwaaga. Tulisikia vilio vyao kupitia ukutani.

“Haya mama, sema kwaheri,” Kidawa alimwambia mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo akacheka huku akijifuta machozi kwa kanga. Tangu azaliwe hajamwacha mgeni aondoke na kwaheri tupu.

“Kwaherini, wanangu. Karibuni tena!”

Kidawa akamtazama mumewe. “Umesikia? Tumekaribishwa.” Wakatua mabegi.

Asubuhi niliamshwa na vicheko. Nilikwenda sebuleni, nikaona waya wa runinga umechomolewa, na Bi Mwanakombo anawasimulia harusi yangu, mbavu hana. Nikaduwaa mlangoni.

“Shemeji,” Kidawa aliniita kutoka kwenye kioo cha runinga, “mbona umesimama? Karibu ndani, usione haya.”