Maneno ya Mganga

Daktari wa Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana, alimweleza Ayinpoka kwa upole kwamba kichwa cha mtoto aliye tumboni kimejaa maji, na kwamba sheria inaruhusu mimba itolewe. "Hatasikia maumivu," alisema.

Ayinpoka alimtazama mama mkwe wake, mzee wa kanisa, akingoja amkemee daktari kwa jina la Yesu.

"Mganga naye aliniambia hivyohivyo," mama mkwe alisema. "Wakati huo nilikuwa sijabatizwa. Akasema mwanangu, aliyezaliwa na kilema, ni mtoto wa mizimu, si binadamu, akamnywesha dawa ya kumuua. Miguu nilimshika mwenyewe."

"Mama we! Mbona hukutuambia?"

Mama mkwe alipiga magoti, akalaza sikio juu ya tumbo la Ayinpoka, kwenye jeli baridi ya kipimo cha ultrasound.

"Nyamaza, mwanangu," akanong'ona. "Mama nimekuja."

Ndani, mtoto akajigeuza polepole, akaifuata sauti.