Picha ya Tatu

Raya alileta kitabu cha utafiti wake kutoka chuo kikuu, akakiweka mkekani mbele ya mama yake. Bi Mize, aliyewachora maharusi wa mji ule kwa miaka thelathini, alishaambiwa kwamba kinahusu piko, ile rangi nyeusi anayoichanganya mwenyewe, na jinsi kemikali yake inavyounguza ngozi. Aliyaruka maandishi akaenda kwenye picha. Ilikuwa mikono ya wanawake, imebabuka, bila majina.

Kwenye picha ya tatu kidole chake kilisimama.

"Ua hili langu. Nani mwingine hapa mjini analichora na majani saba?"

Raya alivuta mikono ya gauni lake hadi vidoleni.

"Tangu siku niliyokuchora kwa harusi yako hujavaa mikono mifupi," alisema Bi Mize. "Na mimi nikajisifu kwa majirani kwamba ndoa imekutia haya."

"Mama..."

"Maprofesa umewaonyesha. Mimi hukunionyesha."

"Ningekuonyesha, ungeacha?"

Kabla hajajibu, hodi ilibishwa. Bi harusi wa siku ile aliingia na shangazi yake, akaketi, akanyoosha mikono yote miwili huku akicheka kwa haya.

Bi Mize alichovya kijiti kwenye bakuli, akakileta juu ya mkono wa yule binti. Hapo kikabaki, tone jeusi likizidi kuvimba nchani.