Makaburi Matatu ya Ruanda

Andongwisye alipiga magoti kwenye kaburi la katikati, akaanza kung'oa magugu ambayo hayakuwepo. Aliyang'oa hivyohivyo, kwa uchungu, mpaka afisa wa mikopo alipomaliza kupiga picha.

"Huyu ndiye aliyemzaa babu yangu," alisema, akifuta jicho kavu. "Alifyeka msitu huu kabla kahawa haijafika Mbozi."

Afisa, binti wa Vwawa aitwaye Gloria, aliandika. Fomu yake haikuwa na utani. Serikali itamdhamini mwanakijiji benki, ajenge nyumba ya tofali za kuchoma, ila kiwanja kiwe cha ukoo wake tangu zamani. Hana hati? Alete historia. Na hapa kijijini Ruanda historia haikai kwenye karatasi. Alipolala babu yako ndipo kwako, mwenye ubishi akabishane na marehemu.

Kiwanja kilikuwa kichaka kisicho na mwenyewe mpaka mwezi uliopita, Andongwisye alipokifyeka, makaburi yakaonekana: matatu, yamezungushiwa mawe yenye kuvu, kila moja limefunikwa chungu kilichotobolewa.

Nafasi ya mkopo ilibaki moja. Andongwisye alikuwa mwaka wa nne anakaa ukweni na mkewe Atupele, chumba kimoja na mbuzi wa baba mkwe. Kila asubuhi mzee huyo humsalimia, "Umeamkaje, mgeni?" Mtu akisalimiwa hivyo miaka minne, atamkumbuka babu yeyote.

"Majina ya marehemu?" Gloria akauliza.

"Huyu ni Mzee... Andongwisye. Mimi ni wajina wake. Wa kulia ni mdogo wake. Wa kushoto... mdogo wake tena."

Jofrey, mwenyekiti wa kijiji, alikohoa. "Baba yako si alikuja hapa kutoka Mbebe, na begi moja?"

"Alirudi, Mwenyekiti! Ukoo ulianzia hapa, ukahamia Mbebe, ukarudi."

"Na begi hilohilo."

Watu wakacheka. Hata hivyo Jofrey alitoa mhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, maana wino ulikuwa umekauka.

Ndipo likapigwa yowe.

Bibi Fides, jirani ambaye kahawa yake ilipakana na kiwanja, alikuwa anapandisha mlima na ndoo ya maji kichwani. Alipoyaona makaburi aliiachia ndoo, maji yakamwagika yote, akajitupa kifudifudi juu ya kaburi la katikati.

"Babu weee! Mama alisema uko kichakani, hakusema wapi! Kumbe uko hapa!"

"Bibi, hao ni wangu," alisema Andongwisye.

"Wako? Huyu ni babu Simbeye, alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Huyu mkewe, mchoyo wa chumvi. Na huyu shangazi, alikufa kwa surua hata mchumba hajamwona. Wako wewe walikufa kwa nini?"

"Uzee."

"Wote watatu?"

"Uzee tu, Bibi."

Gloria alifunga kalamu. "Basi tufukue, wataalamu wapime."

"Wafu hawasumbuliwi!" walipaza sauti wote wawili kwa pamoja. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku hiyo.

Mwenyekiti akaamua kwa desturi: mwenye kaburi hujulikana kwa kilio. Bibi Fides hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alimlilia babu, akamlilia bibi, alipofika kwa shangazi wa surua wanawake wote walikuwa wamejifunga kanga viunoni, wanalia naye. Hata Gloria alitafuta leso.

Andongwisye naye akajaribu. Ilitoka sauti ya pikipiki iliyoishiwa mafuta.

"Huyo anacheka au?" mtu akauliza.

Andongwisye alifumbua mdomo aseme neno moja la kumaliza ubishi. Macho yakatua kwenye fomu, pale sahihi yake ilipokaa chini ya maneno *nikibainika nimedanganya nishitakiwe*. Akaufumba.

Mhuri ukagongwa. Kiwanja cha ukoo wa Bibi Fides, mkopo wa Bibi Fides, nyumba ya Bibi Fides. Atupele, aliyekuja amevaa gauni la sikukuu, aligeuka akashika njia ya kwa baba yake bila kumsubiri mume.

Watu walipotawanyika, Bibi Fides alijikung'uta vumbi, akapangusa machozi kwa ncha ya kanga, akaushika mkono wa Andongwisye kwa upole wa mtu aliyefiwa.

"Usinune, mjukuu wangu," akamnong'oneza. "Makaburi umeyachimba vizuri mno. Jumatatu njoo unichimbie na msingi."