Majembe Ziwani

Katika mashindano ya ngoma, mshindi ni mwenye watazamaji wengi, na Nkinda, kiongozi wa kundi la Bagika, alikuwa amebakiwa na wanane. Wengine wote walikuwa upande wa pili wa ufuko wa Lamadi, kwa wapinzani wake, Bagalu, ambao mwaka ule wa soko huria walikuwa wamekodi spika kutoka Mwanza.

“Bagika wa Bariadi!” spika ilibweka. “Mmekuja kucheza au kuogelea?”

Nkinda alilitazama jembe lake la kuchezea ngoma, kisha akalitazama ziwa.

“Bhabha, unakwenda wapi?” wenzake waliuliza.

“Nifuateni!”

Waliingia majini hadi magotini, wachezaji ishirini. Wakayarusha majembe juu, wakayadaka, wakayashusha kwa pigo moja. Maji yakapaa kama ukuta mweupe, jua likapenya katikati yake, kisha yakawamwagikia mabegani. Wakapiga tena.

Mama muuza samaki wa furu ndiye aliyetangulia kukimbia, beseni kichwani. Nyuma yake umati wote ukamiminika kwa vigelegele.

“Rudini! Jamani, rudini!” spika ilipayuka. Halafu ikanyamaza, maana mtangazaji mwenyewe alikuwa ameinama, anavua viatu.